Maziwa ya tarehe 19

Picha iliingia kwenye grupu la WhatsApp la kikundi cha wanawake wanaochangia chakula cha sikukuu, saa nne usiku, tarehe 27 Desemba. Pakti ya maziwa imesimama juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na kidole cha mwanamume kinaonyesha maandishi madogo meusi: EXP 19/12. Kidole kilikuwa cha shemeji yake mama mapacha, aliyepanda Kibosho kula sikukuu kutoka Dar, mtu wa kusoma kila kilichoandikwa hata kwenye kibiriti. Mama mapacha mwenyewe aliandika maneno matatu tu: "Tumekunywa wiki nzima."

Kufika alfajiri ujumbe ulikuwa umepita mia. Mmoja akasema tumbo linamuunguruma tangu Jumapili. Mwingine akataka arudishiwe fedha zake. Halafu mwenzetu wa Pasua, ambaye jana yake alikuwa amekesha kituo cha afya na wanawe wanatapika, akaandika kwa herufi kubwa: KUMBE NI MAZIWA. Kuanzia hapo kesi ikawa imekwisha hukumiwa. Lililobaki lilikuwa kumtafuta wa kufungwa.

Mimi ni mwanachama wa kikundi hicho. Fungu langu lilikuwa na pakti zilezile, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchunguza, kwa kuwa nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye maabara ya kiwanda cha maziwa. Nianze kwa kukiri kwamba siku ya kugawa sikugeuza hata pakti moja kutazama tarehe. Mtu wa maabara mzima.

Mzigo wa ofa

Vikundi kama chetu vimejaa Moshi. Sisi ni wanawake kumi na wanne, tunachanga Sh 5,000 kila wiki kuanzia Februari, na mwisho wa mwaka fedha zinageuzwa kuwa chakula cha sikukuu, ili mtu asipande mlimani mikono mitupu. Mwaka ule tulichanga wiki 42. Kila mmoja Sh 210,000, jumla Sh 2,940,000.

Mnunuzi wetu anauza mitumba pale soko la Memorial, na kwa kupatana bei sijaona wa kumshinda. Mwanzoni mwa Desemba alizunguka na orodha: mchele, sukari, mafuta ya kula, unga wa ngano, maziwa ya pakti, nyanya za kopo, soseji. Mchele na sukari vilikuwa vimepanda. Akapiga hesabu mara mbili, ikapelea laki tatu na kidogo. Hakumwambia mtu. Alituambia baadaye kwamba aliona aibu, kwa sababu mwaka uliotangulia tulimsifu mno.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa jumla, maeneo ya Mbuyuni, alipomwambia ana mzigo wa ofa. Katoni ya maziwa yenye pakti kumi na mbili za nusu lita, ambayo kwingine ilikuwa Sh 21,600, yeye anatoa kwa Sh 12,000. Soseji za Sh 11,000 anatoa kwa 8,000. Nyanya za kopo za Sh 2,500 kwa 1,500. Kila mwanachama alipaswa kupata katoni moja ya maziwa, pakti mbili za soseji na makopo sita ya nyanya. Nimeirudia hesabu hiyo kwa kalamu, maana tuhuma ya kwanza kwenye grupu ilikuwa kwamba mnunuzi amekula chetu. Maziwa yaliokoa Sh 134,400, soseji Sh 84,000, nyanya Sh 84,000. Jumla Sh 302,400, yaani lile pengo lilizibwa kama lilivyo. Risiti zilibandikwa kwenye daftari. Dada huyu hakula hata senti.

Alichokosa ni swali moja dogo: kwa nini rahisi? Nasi hatukumuuliza. Siku ya kugawa, Jumamosi ya katikati ya Desemba, mizigo ilipangwa kwenye baraza ya mwenyekiti kule Majengo, tukapiga vigelegele, tukapiga picha. Kwenye picha mojawapo tarehe inasomeka kabisa ukiikuza.

Jambo la kuliangalia kwa makini: siku ile maziwa hayakuwa yamepita muda. Yalibakiza siku tano. Muuzaji hakuvunja sheria kwa kuyauza. Lakini alijua. Mtu anayenunua katoni kumi na nne katikati ya Desemba hanunui ya kesho asubuhi, ananunua ya Krismasi, na muuzaji wa Moshi asiyelijua hilo sijui amezaliwa wapi. Angesema tu, "Mama, haya mnywe wiki hii," angebaki na mteja. Alinyamaza, nasi tukasoma ukimya wake kuwa ukarimu.

Maziwa yenyewe

Tarehe 30 nilishuka mjini na kuanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nilikuta pakti 74 ambazo hazijafunguliwa. Nilizibonyeza, nikazitikisa, nikafungua sita. Hakuna iliyovimba. Hakuna iliyoganda wala kunuka. Mbili zilikuwa na utando mwembamba wa mafuta juu, na ladha ilikuwa na ule utamu wa kuungua kidogo ambao maziwa ya aina hii huupata yakikaa.

Aina hii ndiyo yenye maana hapa. Maziwa ya muda mrefu hupashwa joto la nyuzi 135 hadi 150 kwa sekunde chache, yakapozwa na kufungwa kwenye pakti iliyokwisha kusafishwa vijidudu, bila kuguswa na hewa ya nje. Ndani hakubaki kiumbe cha kuyachachusha. Kinachoendelea ni polepole: mafuta hujitenga, rangi hukolea, na vimeng'enya vichache vilivyonusurika moto huanza kuyafanya mazito. Kiwanda hukadiria ni lini mnywaji ataanza kulalamikia ladha, kinapunguza muda kidogo kwa usalama wake, kinaandika tarehe. Kwa hiyo usiku wa kuamkia tarehe 20 hakuna kilichotokea ndani ya pakti zile. Ingekuwa maziwa freshi ya mfuko laini, yale yaliyopashwa nyuzi 72 tu na yanayotaka friji muda wote, ningesema mwaga bila kuonja.

Tatizo la tarehe ni kwamba moja inabeba ujumbe wa aina mbili. Codex, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, kiliipitia upya kanuni yake ya lebo mwaka 2018 na kuzitenganisha: kuna tarehe ya ubora, ambayo baada yake chakula kinaweza kuwa hakina ladha ile lakini si lazima kiwe kibaya, na kuna tarehe ya usalama, ambayo ikipita hakiliwi. Kanuni hiyohiyo haidai tarehe kwenye sukari, chumvi wala siki. Lakini ukiingia duka la mtaani kwetu utakuta EXP imeandikwa kwenye biskuti, kwenye maziwa, kwenye nyama, kwenye hamira, kana kwamba vyote hufa kwa namna moja. Hamira nayo ilikuwemo, pakti moja ya mwenyekiti mwenyewe, imepita miezi minne. Alipika maandazi ya Mwaka Mpya. Yalitoka bapa na magumu, mjukuu wake akachezea moja kama kete. Hakuna aliyeumwa.

Nilirudi na jibu ambalo halikupendwa: maziwa hayana hatia. "Basi wanangu walitapika nini?" akauliza mwenzetu wa Pasua. Swali la haki kabisa. Nikaenda kwake tarehe 2 Januari na daftari.

Nyumba ya Pasua

Watu saba: bibi, baba, mama, mjomba na watoto watatu. Waliotapika ni watoto wote watatu na mjomba. Mama alihisi kichefuchefu jioni kikaisha. Bibi na baba hawakuumwa kabisa.

Tulikaa jikoni, nikamwomba anisimulie tarehe 26 tangu walipoamka, nani alitia nini mdomoni. Mwanzoni alinijibu kwa hasira, akidhani namtetea mnunuzi. Bibi ndiye aliyeokoa kazi, kwa sababu bibi anakumbuka kila sahani.

Asubuhi chai ya maziwa. Wote walikunywa isipokuwa binti mdogo, ambaye hataki maziwa tangu aachishwe, akiona utando wa malai analia. Bibi alikunywa vikombe viwili. Mchana pilau ya jana yake iliyopashwa, wote saba. Juu ya pilau, soseji zilizokaangwa na vitunguu. Hizo walikula watoto watatu na mjomba, mama akaonja kipande akikaanga. Baba aliondoka mapema kwenye bodaboda yake, akala pilau tupu. Bibi alikataa soseji kwa maneno ambayo nimeyaandika vilevile: "Nyama isiyo na mfupa sijui ilikuwa nani."

Weka hayo pamoja. Binti asiyegusa maziwa ndiye aliyeumwa kuliko wote. Bibi wa vikombe viwili ni mzima. Pilau ilikuwa na haki ya kushukiwa, na ningeishuku kwanza, maana wali uliolala nje ya ubaridi unajulikana kwa kutapisha watu. Ila pilau waliila wote saba. Soseji peke yake ndiyo inayotenganisha wagonjwa na wazima. Walikula saa saba mchana, wa kwanza akatapika saa tisa na nusu. Kesho yake asubuhi wote walikuwa wanaomba chakula. Ugonjwa unaokuja ndani ya saa chache, kwa kutapika zaidi ya kuharisha, na kuondoka upesi namna hiyo, kwa kawaida si wa vijidudu vinavyokwenda kuzaliana tumboni. Ni wa sumu iliyokwisha tengenezwa ndani ya chakula kabla hakijaliwa.

Nikaomba kuona pakti ya soseji. Ilikuwa bado kwenye pipa la taka. Tarehe: Februari. Karibu miezi miwili mbele.

Hapo mama wa nyumba alinitazama, nikamwona anaanza kurudi nyuma mwenyewe. Usiku wa Krismasi umeme ulikatika saa mbili, ukarudi saa nne asubuhi. Kabla haujakatika alikuwa amezitoa soseji kwenye friza, akazikatakata kwa mkono ili asubuhi kazi iwe nyepesi, akaziweka kwenye bakuli ndani ya friji. Friji isiyo na umeme usiku wa Desemba Moshi ni kabati. Saa kumi na nne. Bakteria mmoja anayeishi kwenye ngozi na puani mwetu, stafilokoka, hahitaji zaidi ya hapo: kidole kinamleta, uvuguvugu unamzalisha, naye anaacha sumu ambayo haivunjwi na kikaango. Mama alikaanga vizuri sana, hadi zikawa kahawia. Aliua bakteria, sumu ikabaki.

Lakini sikutaka mzigo wote umwangukie yeye, na haukuwa wake wote. Nilimpigia mnunuzi nikamuuliza soseji zilikuwaje alipozichukua. Akafikiri. "Zilikuwa zimeshikana, dada. Donge moja kama jiwe. Na ndani ya plastiki kulikuwa na barafu. Yule kijana alizigonga sakafuni ndipo zikaachana." Soseji ambazo hazijawahi kuyeyuka hazishikani donge, na barafu ya ndani ni maji yaliyotoka kwenye nyama na kuganda upya. Zilishayeyuka dukani, zikagandishwa tena. Kisha siku ya kugawa zilikaa barazani Majengo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, joto limepita nyuzi 30, tukisubiri wenzetu wawili waliochelewa. Mmoja wa waliochelewa ni mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa ile bei. Maziwa yalikuwa rahisi kwa sababu tarehe iko karibu, na hilo kila mtu angeweza kulisoma. Soseji zilikuwa rahisi ilhali tarehe iko mbali. Kitu chenye tarehe ndefu na bei fupi ndicho kilichopaswa kutushtua, kwa sababu ina maana mwenye duka anajua jambo ambalo pakti haijui. Tarehe ya Februari iliandikwa na kiwanda kwa sharti lililoandikwa pembeni yake, kwamba ikae kwenye ubaridi wa kugandisha. Siku sharti lilipovunjwa, tarehe ilibaki kuwa wino.

Sikupima chochote kwenye maabara, chakula kilikuwa kimekwisha. Lakini kama ningeulizwa niweke shilingi yangu wapi, naiweka kwenye bakuli lile. Na hili halikuanzia Pasua. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa kwa listeria, bakteria mwingine wa kwenye chakula, iliyotoka kwenye poloni, nyama ya kusaga kama soseji, iliyonunuliwa dukani kama kawaida. Listeria huzaliana hata ndani ya friji. Mlaji aliyesoma tarehe siku ile hakuambiwa kitu.

Makopo yaliyofutwa

Kuhusu nyanya nitasema kifupi, kwa sababu hapa sina shaka. Katika makopo 31 niliyoyakuta, tisa yalikuwa na doa la kijivu chini, pale ambapo tarehe hupigwa kwa wino. Mtu alipitisha kitambaa chenye spiriti. Kopo moja ukiliweka kwenye mwanga wa pembeni unaona mkia wa tarakimu.

Je, nyanya zile zilikuwa mbovu? Huenda hazikuwa. Nyanya ni chachu, na ule uchachu huzuia kijidudu kinacholeta botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopooza mwili, ambacho ndicho kinachoogopwa zaidi kwenye makopo. Kopo lenye nyanya likikaa muda mrefu linaweza kuliwa na kutu kwa ndani, ladha ikawa ya chuma. Lakini pamoja na tarehe ilifutwa namba ya toleo la kiwandani. Kiwanda kikigundua kosa na kuita bidhaa zake zirudishwe, kopo lile haliitiki, halina jina. Na anayefuta tarehe ameshatoa ushahidi dhidi ya bidhaa yake mwenyewe. Nilisema yote tisa yasiliwe, na hapo hakuna aliyebishana.

Tulimrudishia muuzaji. Akasema na yeye alipokea hivyohivyo. Akarudisha Sh 13,500 za makopo tisa bila ugomvi, jambo lililonifanya niamini kwamba hakushangaa.

Chai ya stendi

Sasa lile ambalo bado linanikera. Mwenzetu mmoja ana mgahawa karibu na stendi kuu. Siku moja baada ya mimi kutangaza kwenye grupu kwamba maziwa hayana tatizo, aliandika kwamba ananunua pakti za kila asiyezitaka kwa Sh 700. Akapata 38. Ndiyo chai ya maziwa aliyowauzia wasafiri wiki nzima ya kwanza ya Januari.

Nilimfuata.

"Dada, hayo si ya kuuza."

"Si wewe uliyesema mazima?"

"Nilisema mimi ningekunywa. Na nimekunywa."

"Basi tofauti iko wapi? Tumbo lako na la konda wa Coaster si tumbo lilelile?"

Jibu lake lilinishinda kwa dakika nzima, na bado naona lina nguvu. Maziwa ni yaleyale, kama yanafaa kwangu yanafaa kwa konda. Hakuna aliyeumwa, nisiseme uongo. Ila mimi nilipokunywa nilikuwa nimeishika pakti, nimeisoma, nimeibonyeza, nimeamua. Konda aliletewa kikombe. Alilipa bei ileile ya siku zote, nafuu ya pakti za Sh 700 ikaenda kwa mwenye mgahawa, na wasiwasi, hata uwe mdogo kiasi gani, ukaenda kwa konda bila kuulizwa. Hapo ndipo mpaka ulipo kwangu. Copenhagen mwaka 2016 lilifunguliwa duka la hisani linaloitwa Wefood, linalouza vyakula vilivyopita tarehe ya ubora au vyenye kifungashio kilichoharibika, bei ya chini, na kila anayeingia anajua anachonunua. Sheria ya kule inaruhusu kwa tarehe ya ubora, haikubali kwa tarehe ya usalama. Sheria yetu haikupi nafasi hiyo: chakula kilichopita muda hakiuzwi, kiwe kizima au kibovu. Kula nyumbani kwako ni shauri lako. Ukikipangia bei umeingia kwenye mikono ya afisa afya wa kata, na juu yake TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu Julai 2019 ndio waliorithi kazi ya usalama wa chakula kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, hiyo pakti ningekulipa mia tisa." Tukacheka. Aliendelea kuuza.

Makopo mawili ya mapacha

Jambo ambalo halikuwa kwenye orodha ya kikundi lilijitokeza kwa bahati. Mama mapacha, aliyerusha ile picha, aliponikaribisha aliweka chai mezani, na nyuma yake kwenye kabati nikaona makopo mawili ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Alikuwa amefuatana na mnunuzi Mbuyuni siku ile, akaona nusu bei, akanunua kwa fedha yake. Mapacha walikuwa na miezi mitano na maziwa yake hayakuwatosha wote wawili. Nikaligeuza kopo. Oktoba.

Watu walioteta siku nane za maziwa ya chai hawakuwa wameligeuza hilo.

Nilimwambia mwaga. Akasema, "Elfu thelathini na sita nimwage chooni? Si umesema tarehe ni ladha tu?" Hapo nikajua nimejieleza vibaya kwa kikundi kizima. Mtu mzima akinywa maziwa yaliyopungua vitamini atazipata kwenye mchicha. Mtoto wa miezi mitano, kama kopo ndilo linalomjazia tumbo, hana mchicha. Kwenye kopo lile tarehe ni ahadi kwamba hadi siku hiyo virutubisho vilivyoandikwa kwenye lebo bado vimo. Ikipita, vitamini zinaendelea kushuka, mafuta yanaanza kuvunda, na mama anaendelea kupima vijiko vilevile. Zaidi ya hayo unga ule si tasa hata ukiwa mpya, ndiyo sababu WHO husema uchanganywe na maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70, kisha upozwe upesi kabla ya kumpa mtoto. Yeye alikuwa anatumia maji ya uvuguvugu ya chupa ya chai.

Alilia kidogo, kwa fedha nadhani, na kwa uchovu. Kopo moja lilikuwa limefunguliwa, limefika nusu. Tukamwaga yote mawili. Watoto hawakuwa na dalili yoyote, nilimshauri awapeleke kupimwa uzito kliniki wiki hiyohiyo, akawapeleka.

Kikao

Tulikutana Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 4, barazani palepale. Bibi wa Pasua alikuja ingawa si mwanachama, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Alipopewa nafasi alisema zamani hapakuwa na tarehe na watu hawakufa. Nilimheshimu, lakini hilo nililijibu. Mahindi hayana tarehe hadi leo, na mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi yao wenyewe ya ghalani. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba ana gunia lina ukungu pembeni na alikuwa akichambua tu yale meusi. Nikamwambia tuongee baadaye. Tukaongea. Amempa nani lile gunia, hakuniambia.

Mnunuzi aliomba msamaha kwa kuficha pengo la laki tatu. Mwenzetu wa Pasua akamwomba yeye msamaha kwa ile KUMBE NI MAZIWA. Kuhusu muuzaji tulivutana hadi giza. Nusu walitaka tumpeleke kwa afisa afya kwa yale makopo tisa, nusu wakasema ndiye anayewakopesha mwezi wa Machi ada zinapobana. Mimi nilikuwa upande wa kumpeleka. Tulipiga kura, saba kwa saba, mwenyekiti akakataa kuvunja sare. Wiki mbili baadaye nilikwenda peke yangu, nikiwa na kopo la kumi ambalo lilipatikana chini ya kitanda cha mtu. Afisa alilipokea, akaandika, akanishukuru. Nimepita Mbuyuni mara kadhaa tangu hapo. Duka liko wazi, na yule kijana wa kugonga soseji hunisalimia shikamoo bila kunitazama usoni.

Tulichokubaliana kimeandikwa kwenye daftari. Mnunuzi ataenda na mwenzake. Siku ya kugawa kila bidhaa itasomwa tarehe kwa sauti mbele ya wote, na atakayechelewa atakuta fungu lake limegawanywa. Soseji zimefutwa kwenye orodha; badala yake kila mmoja atapata kuku wa kienyeji, na katibu ameongeza kwa mkono wake: aletwe akiwa hai.